Kufunza mawimbi ya ubongo kwa ajili ya kumbukumbu: hatua kwa hatua, bila kujidanganya

Ubongo hutoa umeme mdogo mno. Ukiupima juu ya ngozi ya kichwa, mara nyingi utapata kati ya mikrovolti 10 na 100. Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili mjini Jena, Ujerumani, aliurekodi kwa binadamu mwaka 1924, akakaa nao kimya miaka mitano kabla ya kuuchapisha mwaka 1929. Baadaye Joe Kamiya, akiwa Chicago, alionyesha kwamba mtu anayeambiwa papo hapo ubongo wake unafanya nini hujifunza kuitambua hali hiyo, na hata kuileta akitaka. Huko Los Angeles, Barry Sterman aliwafunza paka kuongeza wimbi la 12 hadi 15 kwa sekunde kwa kuwapa maziwa na mchuzi kila lilipotokea. Paka wale walipokuja kutumiwa katika utafiti mwingine, wa sumu ya mafuta ya roketi, walichelewa kupata degedege kuliko paka wengine.

Ninawapenda wale paka kwa sababu moja: hawakuwa na matarajio. Hawakulipia kitu, wala hawakuwa wamesoma tangazo lolote. Sisi tunakaa mbele ya kifaa cha kusoma mawimbi tukitamani kiwe kimetusaidia, na tamaa hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu aape kwamba kichwa kimechangamka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kupima, na sehemu ndogo tu inahusu kuangalia skrini.

Kwanza elewa unachonunua. Kifaa hakiingizi umeme kichwani, kinasoma tu. Elektrodi, vile vipande vidogo vinavyogusishwa kichwani, zinachukua ishara, programu inazigawa kwa kasi, nawe unapata sauti au picha pale kasi unayoitaka inapopanda; huo ndio mrejesho. Kasi huhesabiwa kwa hezi, yaani mawimbi mangapi kwa sekunde: delta ni chini ya 4 na hutawala usingizi mzito, theta ni 4 hadi 8, alfa ni 8 hadi 12 au 13, beta huanzia hapo hadi 30, zaidi ya hapo ni gama. Ukiona kifaa kinachosukuma umeme kichwani, hicho ni kitu kingine kabisa na mwongozo huu haukihusu.

Ushahidi je? Upo, lakini haulingani na kelele za matangazo. Mwaka 2003 David Vernon na wenzake walipata kwamba watu waliofunzwa kuongeza wimbi la hezi 12 hadi 15 waliimarika katika jaribio la kushika maneno akilini, huku waliofunzwa theta wakibaki walipokuwa. Mwaka 2005 Simon Hanslmayr na wenzake walifunza alfa ya juu, yaani sehemu ya kasi zaidi ya alfa, na waliofaulu kuipandisha ndio waliofanya vizuri zaidi katika jaribio la kuzungusha maumbo akilini. Tafiti hizo zilikuwa na watu wachache. Upande wa pili, utafiti mkubwa uliochapishwa 2021 uliwachukua watoto 144 wa miaka 7 hadi 10 wenye tatizo la umakini; wengine walipata mrejesho wa kweli, wengine wa bandia, na hakuna aliyeambiwa yuko kundi gani. Makundi yote mawili yaliimarika, na hayakutofautiana. Soma matokeo hayo taratibu: watoto walipata nafuu, ila nafuu hiyo haikutokana na wimbi lililofunzwa. Anayekuuzia vipindi akikuonyesha watu walioimarika, mwulize waliopewa mrejesho wa bandia walifikia wapi.

Hatua ya 1: Jipime kabla hujagusa kifaa

Watu wengi huiruka hatua hii, halafu baada ya miezi miwili hubaki na hisia tu. Chagua jambo moja unalotaka libadilike. "Kuboresha akili" halipimiki. "Kushika namba ndefu kichwani ninapozifanyia kazi" linapimika. "Kukumbuka orodha niliyosoma nusu saa iliyopita" pia linapimika.

Majaribio matatu yanatosha. La kwanza ni namba: mtu akusomee tarakimu, moja kila sekunde, uzirudie kutoka ya mwisho kwenda ya kwanza, anza na tatu, ongeza moja moja hadi ukosee mara mbili kwa urefu uleule. La pili ni maneno: orodha ya maneno 15 yasiyohusiana, soma mara moja, fanya shughuli nyingine kwa nusu saa, kisha andika unayoyakumbuka. La tatu liwe kitu ambacho mafunzo hayatarajiwi kukigusa, kwa mfano kasi ya kubonyeza kitufe taa inapowaka. Hili la tatu ndilo shahidi wako. Likipanda sawasawa na mengine, kilichobadilika huenda ni mazoea, usingizi au hamasa.

Rudia majaribio haya siku kadhaa kabla ya kuanza, kila mara kwa orodha mpya, hadi alama ziache kupanda zenyewe. Mtu yeyote huimarika katika jaribio analolirudia. Ukianza mafunzo wakati alama bado zinapanda kwa sababu ya kuzoea, sifa zote utalipatia lile wimbi bure.

Hatua ya 2: Afya

Mwenye kifafa, aliyewahi kuumia kichwa vibaya, anayetumia dawa za akili au za degedege, au mwenye ugonjwa wa akili ambao haujatulia, aanze na daktari. Dawa zisipunguzwe wala kuachwa kwa sababu ya mafunzo haya. Na kama kusahau kumeanza ghafla, au kunazidi mwezi hadi mwezi, tatizo hilo linahitaji uchunguzi wa hospitali. Kifaa cha nyumbani kitakupotezea muda tu. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, sonona na kukosa usingizi vyote huharibu kumbukumbu, na vyote vina tiba yake.

Hatua ya 3: Chagua kifaa kwa mahali kinapopima

Hapa pesa nyingi hupotea. Utepe wa kichwani kama Muse una elektrodi mbili za kupimia kwenye paji la uso na mbili nyuma ya masikio. Unafaa kwa kutafakari, lakini hauwezi kukupa ishara ya utosini, na mafunzo ya 12 hadi 15 hufanyika utosini. Hakuna programu inayoweza kupima mahali ambapo elektrodi haipo.

Uliza maswali mawili tu. Je, ninaweza kuweka elektrodi ninapotaka? Je, ninaweza kuona ishara ghafi, ile mistari inayopanda na kushuka kabla ya kuchakatwa? Ukijibiwa kwamba programu inatoa alama ya "utulivu" au "umakini" kutoka 0 hadi 100 bila kuonyesha imetokana na nini, achana nayo. Vifaa vya wazi kama vya OpenBCI hukuruhusu yote mawili, ingawa vinahitaji subira ya kujifunza. Usalama haubishaniwi: kifaa kitumie betri, na kompyuta ndogo iliyounganishwa nacho kwa waya ichomolewe kwenye chaji wakati wa kipindi. Kuchomoa chaji pia hupunguza mngurumo wa umeme wa nyumba, ambao katika nchi nyingi huonekana kwenye hezi 50, na Marekani kwenye 60.

Hatua ya 4: Tafuta mahali kwa futi ya kitambaa

Shika futi ya fundi cherehani. Pima kutoka kwenye kibonyeo kilicho juu ya pua, katikati ya macho, kupita juu ya kichwa hadi kwenye kinundu cha mfupa kisogoni. Tuseme umepata sentimita 36. Nusu yake, 18, ni alama ya kwanza. Sasa pima kutoka sikio hadi sikio kupitia juu, ukianzia kishimo kilicho mbele ya tundu la sikio, na upate nusu ya hapo pia. Mistari miwili inapokutana ndipo utosi wa kitaalamu, unaoitwa Cz. Ukirudi nyuma kwa asilimia 20 ya urefu ule wa kwanza, yaani sentimita 7.2 kwa kichwa hiki, uko Pz, mahali pazuri pa kusoma alfa.

Tenganisha nywele hadi uone ngozi. Ifute kwa spiriti au jeli ya kusugulia, usisugue hadi kuchubua, kisha weka jeli ya kupitisha umeme na ubandike elektrodi. Ya pili iende kwenye ndewe ya sikio moja, ya tatu kwenye sikio la pili. Wenye nywele nzito au zilizosukwa wachague mstari wa msuko unaopita karibu na alama. Elektrodi kavu zilizotengenezwa bapa kwa ajili ya paji la uso hazitawafaa kabisa. Kama kifaa kinapima ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita kati ya ngozi na elektrodi, lenga chini ya kiloomu 10, na tofauti kati ya elektrodi na elektrodi iwe ndogo.

Hatua ya 5: Hakikisha unapima ubongo, si taya

Kama utatumia dakika kumi tu za uangalifu katika mwongozo mzima, zitumie hapa. Misuli ya uso hutoa umeme mkubwa kuliko ubongo, na programu haijui tofauti. Nimeshawaona watu wakifurahia beta iliyopanda, kumbe meno yalikuwa yamebanana.

Fanya hivi ukiwa umefungua ishara ghafi. Pepesa macho mara tatu: utaona vilima vitatu vikubwa vya polepole, hasa kwenye elektrodi za mbele. Hivyo programu itaviita theta au delta. Kisha bana meno: mstari utavimba na kuwa mweusi kwa miiba midogo iliyosongamana, na kila kitu zaidi ya hezi 20 kitaruka juu. Tikisa shingo, meza mate, kunja uso. Jifunze sura ya kila kimoja hadi ukitambue kwa jicho.

Mwisho, tulia, legeza taya ili meno yasigusane, na fumba macho kwa dakika moja. Ndani ya sekunde chache mawimbi laini ya takriban 10 kwa sekunde yanapaswa kuchomoza sehemu ya nyuma ya kichwa, na kupungua ukifumbua. Berger mwenyewe aliliona jambo hili. Wapo watu wachache wenye alfa ndogo kiasili, lakini kama huoni tofauti yoyote, shuku kwanza jeli, waya na mahali ulipobandika. Usianze kipindi hadi jaribio hili lifaulu, na ulifanye kila siku.

Hatua ya 6: Chagua wimbi moja

Njia ya kwanza ni kuongeza 12 hadi 15 kwenye Cz ukiwa umefumbua macho, huku programu ikizuia zawadi, yaani ile sauti au picha, kila mara theta au beta ya 22 hadi 30 inapozidi. Vizuizi hivyo viwili ni walinzi: cha chini kinakamata kusinzia na kupepesa, cha juu kinakamata misuli. Ningemshauri anayeanza aingie kwa mlango huu, kwa sababu ni vigumu zaidi kudanganya.

Njia ya pili ni alfa ya juu kwenye Pz. Hapa usitumie namba za kitabuni. Rekodi dakika mbili ukiwa umefumba macho, fungua grafu ya masafa, ile inayoonyesha nguvu ya kila kasi, na utafute kilele kati ya 7 na 13. Kilele hicho hutofautiana kati ya mtu na mtu, na hushuka uzeeni. Kama chako kiko 10, funza 10 hadi 12. Kama kiko 9, funza 9 hadi 11. Mwenye kilele cha 9 akifunza 10 hadi 12 kwa sababu programu ilikuja hivyo, anafunza kitu kisicho chake.

Ipo pia theta ya katikati ya paji, inayopanda mtu anaposhikilia mambo mengi akilini. Inavutia, lakini inakaa palepale ambapo kupepesa macho kunachafua. Waachie wenye maabara.

Hatua ya 7: Weka kizingiti

Kizingiti ni kiwango ambacho wimbi likikivuka unapata zawadi. Rekodi dakika tatu bila mrejesho, angalia wastani wako, kisha kiweke mahali ambapo utapata zawadi kama asilimia 60 ya muda. Kikiwa juu mno utakata tamaa na kuanza kukaza uso. Kikiwa chini mno sauti itaimba muda wote na ubongo hautakuwa na cha kujifunza.

Zima kizingiti kinachojirekebisha chenyewe ndani ya kipindi. Programu nyingi huja nacho kimewashwa, na kinapendeza kwa sababu alama haziporomoki kamwe. Lakini fikiria: umechoka, wimbi limeshuka, programu inashusha kizingiti, nawe unaendelea kupongezwa. Umefundishwa kushuka. Badilisha kizingiti mwenyewe, kati ya kipindi na kipindi, na uandike ulichobadilisha.

Kuhusu zawadi yenyewe, sauti fupi na safi inatosha. Tumia hedifoni za waya, maana zisizo na waya huchelewesha sauti, na zawadi inayofika ikiwa imechelewa humpongeza mtu kwa hali ambayo tayari imepita.

Hatua ya 8: Kipindi chenyewe

Dakika 30 hivi, mara mbili au tatu kwa wiki, saa ileile ya siku ikiwezekana. Tafiti na wataalamu wengi hutumia vipindi kati ya 20 na 40. Kahawa uliyokunywa kabla ya kipindi na usiku wa kulala kwa muda wa saa nne tu vyote vinaweza kuonekana kwenye grafu, hivyo viandike pembeni.

Mpangilio ninaoupenda: dakika tatu bila mrejesho, raundi tano za dakika nne zenye mapumziko mafupi, halafu raundi moja ya mwisho ambayo kifaa kinarekodi lakini sauti imezimwa. Hiyo ya mwisho naiita raundi ya kimya. Unajaribu kuleta hali ileile bila kusaidiwa. Ukiweza tu mbele ya sauti, utakapokaa kwenye mtihani au kazini utakuwa huna kitu.

Watu huuliza: nifanye nini kichwani? Hakuna anayeweza kukuambia sawasawa. Ni kama kujifunza kupiga mluzi. Unajaribu, unasikia, unarekebisha, na siku moja unaweza bila kujua ulichobadilisha. Kwa 12 hadi 15, wengi husema mwili ukiwa umetulia tuli na akili ikiwa macho, sauti huja. Wanaojaribu kwa nguvu hukuta beta ya juu imepanda na kizuizi kimewanyima zawadi. Ukikwama, acha kutazama alama, toa pumzi ndefu, legeza ulimi mdomoni, na sikiliza tu.

Maumivu ya kichwa, hasira za karibu, au kukosa usingizi usiku wa kipindi ni ishara ya kupunguza muda, au kusimama wiki moja na kuangalia kama vinaondoka.

Hatua ya 9: Andika, kisha hukumu

Daftari lenye safu chache linatosha: tarehe, saa ulizolala, wastani wa wimbi kabla ya mrejesho, wastani katika raundi ya kimya, na dakika ngapi zilichafuliwa na misuli. Usiandike "nilijisikia vizuri" peke yake. Chora mstari wa raundi ya kimya kila wiki.

Mstari huo ukipanda polepole huku beta ya juu ikibaki chini, unajifunza. Ukipanda pamoja na beta ya juu, unafunza taya. Ukilala tambarare hadi kipindi cha 12 au 15, angalia tena mahali pa elektrodi na kizingiti. Kama vyote viko sawa, jaribu njia nyingine ya hatua ya 6 kwa muda uleule. Katika karibu kila utafiti wapo wasiojifunza kupandisha wimbi lao kabisa, na si uvivu wala upungufu wa akili. Ukiwa mmoja wao, muda uleule uutumie kwenye mazoezi ya viungo. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake walifuatilia wazee 120, na nusu yao waliotembea kwa mwendo wa kasi kwa mwaka mmoja waliongezeka ukubwa wa hipokampasi, sehemu inayohifadhi kumbukumbu mpya, kwa asilimia 2 hivi. Binafsi simshauri mtu aanze mafunzo ya mawimbi kabla hajarekebisha usingizi na mwendo; hivyo viwili havihitaji jeli.

Baada ya kipindi cha 20, rudia majaribio matatu ya mwanzo kwa orodha mpya, siku ambayo hukufanya mafunzo. Ikiwezekana msahihishaji awe mtu mwingine asiyejua kama hizi ni alama za kabla au za baada. Halafu acha kifaa kabatini miezi mitatu, upime tena, na uandike alama mpya kabla hujafungua ukurasa wa zamani.